Shu za krimu: unga unaosongwa kama ugali na kuvimba bila hamira

Zimevimba. Zimeanza kushika rangi ya dhahabu, na harufu ya siagi imewatoa watoto sebuleni mpaka jikoni. Mmoja anataka kuona kwa karibu, mlango wa oveni unafunguliwa "kidogo tu", na kabla haujafungwa vizuri shu zote zimeshuka na kuwa bapa kama biskuti. Mayai, siagi na saa nzima ya Jumamosi vimekwenda hivyo.

Ajali hiyo ndiyo inayowakatisha tamaa wazazi wanaojaribu kuoka nyumbani vitafunwa hivi vya Kifaransa, vile viduara vyepesi vyenye uwazi ndani vinavyojazwa krimu. Kuna anayelaumu oveni, kuna anayelaumu mayai, na kuna anayeongeza beking pauda safari inayofuata, jambo ambalo halisaidii kitu. Shu haina hamira, haina magadi, haina beking pauda. Kinachoiinua ni mvuke wa maji, basi. Mzazi akishaelewa mvuke huo unatoka wapi, unafungiwa vipi na unapaswa kuachiwa lini, sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Makabichi madogo

Wafaransa huandika choux na kutamka "shu", na maana yake ni makabichi, kwa kuwa kila moja ikiiva huwa na uso wa mabonde na mikunjo kama kabichi dogo. Unga huo mmoja ndio uliozaa ukoo mzima. Ukichorwa mrefu kama kidole, ukajazwa krimu na kupakwa chokoleti juu, ni ekleri, neno ambalo kwa Kifaransa ni mmweko wa radi. Vikiwa viduara vidogo vilivyojazwa aiskrimu ya vanila na kumwagiwa chokoleti ya moto mezani, ni profiteroli. Ukichorwa kama pete kubwa ni Paris-Brest, aliyoibuni mwokaji Louis Durand wa mji wa Maisons-Laffitte, karibu na Paris, mwaka 1910, kwa heshima ya mashindano ya baiskeli ya kutoka Paris hadi Brest na kurudi. Pete ile ni gurudumu. Kwenye harusi na ubatizo, shu zilizojazwa krimu hugandishwa kwa sukari iliyoyeyushwa, zikapanda moja juu ya nyingine mpaka ukawa mnara, nao wageni huubomoa na kuula.

Kwa mzazi, iliyo na manufaa kuliko zote hizo ni ile isiyo na mbwembwe, shuketi. Hiyo ni shu tupu, haina krimu, imenyunyiziwa punje nene za sukari kabla ya kuingia ovenini. Huuzwa na waokaji kwenye mfuko wa karatasi, na watoto wa Ufaransa huila alasiri wakitoka shule. Ikumbukwe, maana ndiyo itakayokuja kuokoa mkoba wa shule huko mbele.

Kazi ya mwiko

Vipimo vyake vinakaa kichwani bila kuandikwa: kikombe kimoja cha maji, nusu kikombe cha siagi, kikombe kimoja cha unga wa ngano, mayai manne na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kikombe kinachosemwa ni kile cha kupimia, si cha chai. Kwa mwenye mizani, ni maji gramu 240, siagi gramu 110 na unga gramu 140 hivi. Zinatoka shu ndogo kati ya 25 na 30. Anayejaribu kwa mara ya kwanza ni vyema apike nusu ya hapo, nusu kikombe cha maji kwa mayai mawili. Ikiharibika, hasara ni ya mayai mawili.

Neno moja juu ya siagi. Madukani jina hilo hubeba vitu viwili: siagi ya maziwa, na majarini ya kopo inayopakwa kwenye mkate. Zote zinainua shu. Ya maziwa ina ladha bora, ya kopo ina bei nafuu, na hakuna aibu kutumia ya pili. Isiyofaa ni ile ya kupaka iliyoandikwa kuwa imepunguzwa mafuta, kwa sababu sehemu kubwa yake ni maji na inavuruga vipimo vyote.

Siagi ikatwe vipande vidogo na kuwekwa kwenye sufuria pamoja na maji na chumvi. Ikiwekwa kama pande zima, maji yatachemka na kupungua kabla haijayeyuka, na kipimo kitakuwa kimeharibika mapema. Siagi ikishayeyuka yote na maji yakaanza kutokota, moto upunguzwe na unga uliochekechwa uingizwe.

Hapa mkono uliozoea ugali unatakiwa kusahau kitu kimoja. Unga hauingii kidogo kidogo. Unamiminwa wote kwa mpigo mmoja, kisha mwiko unafanya kazi haraka kabla mabonge hayajajitengeneza. Baada ya hapo mkono wa ugali unarudi kazini, na ndipo mpishi wa huku anapomzidi yule aliyejifunza kwa kitabu: anajua kusonga. Unga usongwe juu ya moto mdogo kwa dakika mbili au tatu, ugeuzwe na kubanwa kwenye ukuta wa sufuria, mpaka ushikane kuwa donge moja laini linaloachana na sufuria na kubakiza utando mwembamba chini, mfano wa ukoko unaoanza.

Dakika hizo si za mapambo. Unga wa ngano ukipikwa katika maji ya moto unavimba na kuyashika maji mengi kuliko unavyoweza ukiwa mbichi, na hayo ndiyo maji yatakayogeuka mvuke baadaye. Wakati huohuo unyevu wa ziada unakauka, donge linapata nafasi ya kupokea mayai. Anayeutoa mapema ataona mayai mawili tu yameshaufanya uji.

Sufuria ikishatoka motoni, donge lihamishiwe kwenye bakuli na kutandazwa lipoe kwa dakika tano hadi kumi. Kipimo ni kidole: kikiweza kukaa ndani bila kuungua, mayai yaingie. Wenye haraka hukwama hapa. Yai likikutana na unga wa moto mkali linaiva papo hapo, na kinachopatikana ni unga wenye vipande vya mayai ya kuvuruga.

Mayai yaingie moja moja. Baada ya la kwanza, unga utakatika vipande, utateleza na kuonekana umeharibika kabisa. Haujaharibika. Ukiendelea kukorogwa kwa nguvu kwa dakika moja hivi unajirudi na kuwa laini, kisha linafuata la pili. La mwisho lipigwe kwanza kwenye kikombe na kuongezwa kwa kijiko, maana kuhesabu mayai pekee hakutoshi. Ya kienyeji mara nyingi ni madogo, yanaweza kuhitajika matano. Ya kisasa yakiwa makubwa, matatu na nusu yanaweza kutosha. Unga ndio wa kusikilizwa. Mwiko ukiinuliwa, unga uning'inie kama ulimi wenye ncha ya pembetatu. Ukidondoka kama donge, bado unataka yai. Ukitiririka kama uji, yai limezidi, na kuongeza unga mkavu hakutausaidia kwa kuwa unga huo haujapikwa. Dawa yake ni kupika donge jingine dogo la maji, siagi na unga, bila yai, na kulichanganya humo.

Dakika 25 za mlango kufungwa

Oveni iwe imeshapata moto wa nyuzi joto 200 kabla trei haijaingia. Unga uwekwe juu ya karatasi ya kuokea kwa mfuko wa kupambia keki. Asiye na mfuko atumie vijiko viwili, shu zitatoka na sura ya kienyeji kidogo lakini zitavimba vilevile. Kila kitone kiwe na upana wa sentimita tatu au nne, na kati ya kimoja na kingine iachwe nafasi ya kutosha, maana vitaongezeka. Ncha zilizosimama zibonyezwe kwa kidole kilicholowa maji zisije zikaungua peke yake.

Kinachotokea humo ndani ni kizuri cha kumsimulia mtoto. Maji yakigeuka mvuke huchukua nafasi kubwa kuliko mwanzo kwa zaidi ya mara 1,600. Ni nguvu ileile inayorusha mfuniko wa sufuria maji yanapochemka. Ndani ya shu mvuke huo hauna pa kutokea, kwa hiyo unasukuma kuta za unga kwenda nje, na kuta hizo, kwa kuwa zina mayai, zinavutika bila kupasuka. Katikati panabaki pango. Kwa dakika 20 za mwanzo shu ni sawa na puto: kinachoishikilia ni mvuke, si kuta. Mlango ukifunguliwa, joto linatoka, mvuke unarudi kuwa maji, na kuta ambazo bado ni laini zinaanguka. Haziinuki tena hata zikirudishiwa moto.

Kwa hiyo mlango usiguswe kwa dakika 25 za kwanza. Kisha moto ushushwe hadi 180 na shu ziendelee kwa dakika 10 hadi 15. Kosa la pili kwa ukubwa ni kuzitoa zikiwa na rangi ya njano ya kupendeza. Hazijaiva. Rangi inayotakiwa ni kahawia ya dhahabu iliyoingia mpaka kwenye nyufa. Ubavu uwe mgumu ukiguswa, na shu ikinyanyuliwa iwe nyepesi kama haina kitu, kwa sababu kweli haina kitu.

Zikitoka, kila moja itobolewe chini kwa ncha ya kisu, kisha trei irudi kwenye oveni iliyozimwa, mlango ukiwa umezuiwa kwa mwiko usijifunge, kwa dakika 10 nyingine. Mvuke uliobaki unatokea pale. Usipotolewa utalowesha kuta kutoka ndani, na shu zitakunjamana zikiwa mezani, mbele ya wageni.

Majiko yenyewe yana tabia zake. Oveni ya gesi yenye moto wa chini tu huunguza matako ya shu kabla juu hakujaiva. Trei mbili zikipandishwa moja ndani ya nyingine husaidia. Oveni ndogo za mezani zina kinyume chake, waya wa juu uko karibu mno, na shu ikivimba inaugusa. Trei ikae chini kabisa. Umeme ukikatika katikati, jambo la kwanza ni kuacha mlango ulivyo. Oveni iliyopata moto vizuri haipoi mara moja, na kama kuta zilikuwa zimeanza kukauka huenda shu zikapona.

Krimu haina mzaha

Krimu ya asili ya shu hupikwa. Nusu lita ya maziwa, viini vinne vya mayai, gramu 100 za sukari, gramu 40 za wanga wa mahindi, ule mweupe laini wa pakiti na si unga wa ugali, kijiko kimoja cha chakula cha siagi na vanila kidogo. Maziwa yachemshwe. Viini, sukari na wanga vipigwe pamoja kwenye bakuli, maziwa ya moto yamiminwe juu yake polepole huku mkono ukikoroga, kisha vyote virudi kwenye sufuria. Iliki iliyotwangwa inakaa vizuri humo kuliko vanila, kama nyumba inaipenda. Wenye kubana matumizi hutumia unga wa kastadi badala ya viini na wanga, na krimu inapatikana.

Krimu ikianza kuwa nzito, wengi huitoa hapohapo kwa kuogopa mayai yasikatike. Iachwe itokote dakika moja kamili, mkono usiache kukoroga. Kiini cha yai kina kimeng'enya kinachovunja wanga, na kisipouawa kwa moto, krimu iliyokuwa nzito usiku inakuwa majimaji asubuhi. Wanga uliomo ndio unaoyazuia mayai yasikatike, hivyo hofu hiyo haina msingi. Ikishaiva ichanganywe siagi, imiminwe kwenye sinia pana ipoe upesi, ifunikwe kwa plastiki iliyogusa uso wake isiweke ngozi, na iingie kwenye friji mara tu ikipoa.

Sasa jambo la afya. Maziwa, mayai, sukari na unyevu, vikishikwashikwa kwa mkono na kuachwa kwenye joto, ni makazi bora ya vijidudu. Vingine hutoka kwenye pua au kidonda cha kidole cha aliyejaza krimu, na sumu vinayoitoa haiondoki hata chakula kikipashwa moto. Krimu haibadiliki harufu wala ladha. Mtoto anakula akifurahi, na saa chache baadaye anatapika.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, unasema chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la chumba kwa zaidi ya saa mbili, na kinachohifadhiwa kwa baridi kiwe chini ya nyuzi joto 5. Jikoni Dar es Salaam au Mombasa saa nane mchana, mzazi makini atahesabu pungufu ya hizo saa mbili.

Kwa maana hiyo, kujaza shu usiku ili zipelekwe shuleni asubuhi kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ni jambo la kuachwa kabisa. Zitapanda gari la shule, zitakaa ofisini kwa mwalimu mpaka mapumziko, na keki italiwa saa tano. Hesabu haikubali. Njia iliyo salama ni kupeleka shuketi, zile tupu za sukari, ambazo hazina cha kuharibika kwa saa hizo. Watoto hawatalalamika. Kwa sherehe ya nyumbani, shu zikae kavu kwenye kopo, krimu ikae kwenye friji, na viwili hivyo vikutanishwe saa moja kabla ya kula. Kwa kuwa maganda hulainika yakikaa na krimu, utamu nao unadai hivyohivyo. Wanaopokea oda za kuuza wana wajibu mkubwa zaidi: wapeleke krimu kwenye kasha la barafu na kujaza huko huko, au wamwambie mteja wazi kwamba ni za kuliwa saa hiyo.

Friji ikikaa bila umeme mchana kutwa, krimu imwagwe. Kutupa nusu lita ya maziwa kunauma. Usiku wa kukimbizana na mtoto hospitali unauma zaidi.

Kabla ya kuwagawia watoto wa wenzao, wazazi wao waulizwe pia. Ndani ya kitafunwa hiki kidogo kuna ngano, maziwa na mayai kwa pamoja, na mtoto mwenye mzio wa kimojawapo hana njia ya kukibagua.

Mlinzi wa mlango

Shu zina kazi za kutosha kila umri, na hilo ndilo linalozifanya zifae Jumamosi ya nyumbani kuliko keki, ambayo kazi yake huishia kwenye kulamba bakuli. Hapa bakuli lisilambwe, unga una mayai mabichi. Mtoto wa miaka minne au mitano anaweza kuchora duara kwenye upande wa pili wa karatasi ya kuokea kwa kuzungushia penseli mdomo wa kikombe kidogo cha kahawa. Wa miaka saba au nane avunje mayai, kila moja kwenye kikombe chake kabla ya kuingia kwenye bakuli, kwani yai viza moja linaharibu kazi yote, na akimaliza anawe mikono kwa sabuni. Wa miaka kumi na kuendelea ana nguvu ya kukoroga mayai kwenye unga, baada ya sufuria kuondoka motoni na bakuli kuwekwa mezani. Kukoroga huko kunachosha mkono hasa, na baba wa nyumba akiwa karibu aombwe zamu yake.

Yule anayependa kufungua mlango wa oveni apewe cheo. Awe mlinzi. Akabidhiwe saa, aambiwe dakika 25, na jukumu lake ni kuwazuia wengine, mama akiwemo. Asimame hatua moja nyuma ya kioo, maana kinaunguza.

Kazi moja isiguswe na mtoto wa umri wowote: sukari ya kuyeyusha ya kugandishia mnara. Inapita nyuzi joto 150, inanata kwenye ngozi, na haipanguswi kama maji ya moto. Mnara wa siku ya kuzaliwa unaweza kugandishwa kwa chokoleti iliyoyeyushwa juu ya mvuke wa maji. Hausimami mrefu sana, ila unasimama.

Kujaza ndiyo sehemu wanayoigombea. Mikono ikishaoshwa, shu zikatwe kama mkate wa kuweka mayai, krimu iwekwe kwa kijiko, kifuniko kirudi juu. Kama zimelala usiku mmoja na kulainika kwa unyevunyevu wa pwani, kwanza zirudi kwenye oveni ya nyuzi joto 180 kwa dakika tano na kupoa, zitakuwa kavu kama jana. Zikiwa tupu zinakaa kwenye friza mwezi mzima.

Kwa nyumba isiyo na oveni

Jiko la mkaa, kwa kupalia makaa juu ya mfuniko, linaoka keki na mikate vizuri, lakini kwa shu linasumbua: moto wake wa juu hushuka upesi, na kuongeza makaa bila kuutikisa mfuniko si rahisi. Badala ya kupoteza mayai, unga huohuo ukaangwe. Ufaransa nako hukaangwa, na mpishi wa kaimati hatakuwa mgeni wa kazi hii.

Mafuta yawe mengi na ya moto wa wastani, kipande kidogo cha unga kikitumbukizwa kizame kidogo kisha kipande juu kikitoa povu la taratibu. Unga uchotwe kwa kijiko cha chai, usukumwe kwa kijiko cha pili karibu kabisa na mafuta yasiruke. Vitazama, vitapanda, na baada ya muda vitaanza kujigeuza vyenyewe kila upande mmoja unapovimba na kuwa mwepesi kuliko mwingine. Watoto wanaweza kuangalia wakiwa mlangoni mwa jiko, si karibu na karai. Visiwe vingi kwa wakati mmoja, na visitolewe upesi: vinahitaji dakika sita au saba mpaka vikomae rangi, vinginevyo vitasinyaa kwenye sahani kwa sababu ileile ya mvuke na kuta laini. Vikichuja mafuta, vinyunyiziwe sukari vikiwa bado vya moto. Krimu, ikiwepo, iwekwe pembeni kwenye bakuli ya kuchovya.

Kwa aliyepika krimu ya viini vinne, jikoni kumebaki ute wa mayai manne. Unakaa siku mbili kwenye friji ukiwa umefunikwa, na ukichanganywa na yai moja zima, kitunguu na nyanya unatoa chakula cha asubuhi cha Jumapili.